Nusu Milimita

Baridi ya Januari juu ya Javalambre haina adabu,
inaingia kwenye glovu kama mdai.
Nimevua moja, maana hesi haishikwi kwa sufu,
na vidole vyangu vya fundi malori
vimekuwa vya mtu mwingine.

Meza ni mlango wa kale uliolazwa juu ya mapipa.
Juu yake: kamera nyekundu, ndogo kuliko kopo la zeituni,
gurudumu la vichujio,
kamera-mdogo ya kuongozea njia,
mkanda wa joto wa kufukuza umande,
pete sita. Saba. Moja ilibingirika jana, sijaiona tena.
Kila hesi ni dume au jike,
kila mmoja ana mwenzake, na mwenzake hayupo:
arobaini na mbili hamtaki arobaini na nane.
Chanda na pete, husema watu.
Hawajajaribu kuvisha pete hii chanda kile
usiku wa manane, tochi nyekundu mdomoni.

Kijitabu kinadai hamsini na tano.
Milimita hamsini na tano toka lenzi ya mwisho
hadi mboni ya kamera.
Kwenye lori, karibu-karibu hukufikisha Valencia.
Huku, karibu-karibu haifiki popote.
Nikapima: hamsini na nne na nusu.
Pengo la unene wa ukucha.
Nikapiga picha hivyo hivyo, kwa ukaidi.
Katikati, nyota zilikuwa nyota.
Pembeni zilikuwa koma,
kila moja na kimkia chake,
kana kwamba anga zima linaniambia: koma.

Nikashuka nyumbani. Baba alikuwa macho.
Evaristo, mkereza vyuma wa mgodi uliofungwa,
miaka themanini na mitatu,
mtoto wa jicho kulia, mtoto wa jicho kushoto.
"Lete," akasema. Hakuuliza nini.
Akaizungusha pete kwa kidole gumba, polepole,
kama asomaye maandishi ya vipofu.
"Hii imechongwa na mtu mwenye haraka."

Kerezo lake linakaa kwenye zizi
lililobaki na harufu ya kondoo na si kondoo.
Likaamka kwa kikohozi.
Alitaka shaba, akapapasa rafu, akashika kinu cha mama,
kile kidogo cha kutwangia vitunguu saumu.
"Baba, hicho..."
"Mama yako hatwangi tena, Casilda."
Mikono inayomwaga supu kila mchana
haikutetemeka pale. Sina la kueleza. Niliona.
Shaba ilijikunja, ikadondoka kwenye viatu vyake,
na mdomo wa kinu ukabaki kiganjani mwangu,
mwembamba, wa moto bado.

Nikapanda tena kilimani.
Pete, pete ya mama, gurudumu, kamera.
Waya wa umeme, waya wa data, waya wa joto:
nikazifunga kwa kamba ya kiatu
zisije zikaivuta shingo darubini ikigeuka.
Kisha nikangoja Kilimia kiingie kwenye kioo,
dakika tano, dakika tano, dakika tano,
mguu mmoja umekufa ganzi,
mbwa wa Ramiro akibwekea kitu ng'ambo ya bonde.

Alfajiri nikaweka kompyuta mezani, kando ya kahawa yake.
Hakuitazama. Angetazama nini?
"Za pembeni?"
"Duara, baba."
"Zote?"
Nikachungulia tena. Kona ya chini, kushoto,
nyota moja ndogo ilikuwa na mkia,
mfupi, mfupi sana, kama wa panya buku aliyekatwa.
"Zote," nikasema.

Akatafuta kikombe kwa ncha za vidole, akakipata.
"Muongo. Lile kerezo limepinda
tangu walipolitupa nje ya mgodi.
Kona moja lazima ilalamike."
Akanywa. Akapangusa masharubu.
"Ulizia kwa Ramiro karatasi ya sigara.
Jioni tutaipachika chini ya pete,
upande wa huyo anayelia."